Kovu la Ndururu

Vijana wangu wa afya, nikiwasalimia kwa mkono na macho yangu yakapanda hadi begani, msidhani nawadharau. Nimetazama mikono ya watu zaidi kuliko nilivyotazama nyuso zao, na mpaka leo nikimwona mtu wa rika langu amekunja shati, natafuta kovu la chanjo kabla sijajua ni nani. Mke wangu amenikanya mara nyingi kwamba si adabu, hasa kanisani. Nimeshindwa kuacha.

Mnataka kujua idara ya afya ilivyohudumia watu wa mashambani miaka ile ya hamsini. Nitawaambia, lakini nimechoka, na mtu aliyechoka hasimulii kwa mpango. Magoti yangu yaliharibikia kwenye matope ya Molo, na kifuani bado nina baridi ya Keringet. Idara mnayoiuliza, kwa upande wetu wa mlima, ilikuwa mimi, Mzee Wafula, baiskeli mbili, na daktari mzungu wa Nakuru ambaye tulimwona tu alipokuwa na hasira.

Kwanza mjue anayewaambia ni nani. Nilizaliwa katika kambi ya wafanyakazi kwenye shamba la mzungu, na baba yangu alikuwa mkamuaji. Sikubebwa na mjomba wala na chifu. Nilifyeka nyasi, nikabeba magunia stesheni, nikajilipia shule mpaka nikafika Kampala, na nikarudi na diploma ya afya. Diploma, si cheti. Kutoka Njoro hadi Kuresoi sikusikia Mwafrika mwingine aliyekuwa nayo, na kama alikuwapo, alijificha vizuri. Nilishuka kwenye gari moshi na kofia kichwani, suruali imenyooka kwa kulaliwa chini ya godoro, na diploma nimeikunja ndani ya mkebe wa bati.

Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, na kila daraja lilikuwa na askari. Yule wa kwanza aliniuliza pasi. Nikampa diploma. Aliigeuza, akaigeuza tena, akaishika juu chini.

"Hii haina picha yako," akasema.

"Diploma haiwekwi picha, afande."

"Basi rudi ulikotoka mpaka iwekwe."

Nililala kwa mwalimu mmoja siku hiyo. Ndivyo nilivyopokelewa nyumbani pamoja na masomo yangu.

Mzee Wafula alikuwa mchanjaji wa zamani, mrefu, mwenye sauti ya chini, na ndiye aliyenifundisha kuingia kambini. "Usiombe mkono wa mtu kabla hujamuuliza habari za ng'ombe," aliniambia. "Uliza ng'ombe, uliza mahindi, kunywa watakachokupa hata kama kina moshi. Mkono utakuja wenyewe." Kampala hawakunifundisha hilo. Lakini mbinu ya kidole gumba ni yangu, na sitamwachia mtu sifa hiyo. Wafula alikagua makovu kwa macho, na macho yake yalikuwa yameliwa na moshi wa kuni. Mimi ndiye niliyeanza kukagua kwa kidole. Kovu la kweli la chanjo ya ndui lina kishimo. Lipapase katikati na kidole kitazama kidogo, na ndani utasikia vidoadoa kama ganda la chungwa. Hata gizani ningelijua.

Vyoo nitavisema kwa ufupi kwa sababu vinaniumiza. Nilisimamia kuchimbwa vyoo vingi, na kile nilichojivunia kuliko vyote, chenye paa la mabati, nilikirudia baada ya mavuno nikakikuta kimejaa mahindi. Mwenye mahindi alinieleza kwa upole kwamba katika kambi nzima hakukuwa na paa lingine lisilovuja. Nilipanda baiskeli nikaondoka.

Sasa habari ya ndururu.

Juu ya Keringet kulikuwa na shamba la pareto, yale maua ya dawa ya kuua wadudu, na meneja wake, mzungu, wafanyakazi walimwita Bwana Mrefu. Aliposikia kwamba ndui imeonekana mahali fulani upande wa Kericho, aliweka sheria yake mwenyewe langoni: asiye na kovu la chanjo kwenye mkono wa kushoto haandikwi kazi. Hakutuuliza sisi. Aliona ameisaidia serikali.

Inabidi mjue kazi ya pareto. Maua yanachumwa kwa mikono yote miwili tangu asubuhi, kikapu kiko kiunoni, na kikapu kisipojaa siku yako imepotea. Mtu akichanjwa, mkono unavimba, kwapa linauma, homa inapanda, na kwa siku kadhaa hawezi kuchuma kitu. Watu wale hawakuogopa sindano. Waliogopa kikapu kitupu. Mkienda kuhudumia watu, ulizeni kwanza huduma yenu inawanyima nini. Mimi niliuliza, lakini huko Keringet mtu mwingine alikuwa ameuliza kabla yangu, akapata jibu lake.

Nyapara wa shamba hilo alileta habari kwamba kijana mmoja, Onchari, ana homa na vipele mpaka kwenye nyayo. Tulipanda mlima mimi na Wafula, chupa ya dawa imezungushiwa barafu ndani ya begi langu, baiskeli zikisukumwa zaidi ya kupandwa. Tulikuta wamefanya vizuri. Onchari alikuwa ametengwa kwenye kibanda ng'ambo ya kijito, kama Wafula alivyowafundisha zamani.

"Anauguzwa na nani?" nikauliza.

"Na mke wake, Kemunto," akasema nyapara. "Tangu juzi. Usiwe na wasiwasi, Bwana Afya, ana kovu. Hapa kwetu kila mtu ana kovu." Alisema hivyo kama mwalimu wa kwaya anayesifu sauti za watoto wake.

Nikaagiza wapangwe mstari. Wa kwanza alinyoosha mkono. Nikaweka kidole gumba juu ya kovu, na badala ya kishimo nikakuta kinundu.

"Ulichanjiwa wapi?"

"Kisii."

Wa pili, kinundu. "Na wewe?"

"Kericho."

Wa tatu, kinundu. "Sikumbuki, Bwana Afya. Nilikuwa mdogo sana."

Makovu yote yalikuwa duara, makubwa kidogo kuliko ya kawaida, yamelingana, na katikati ya kila moja ngozi nzima imesimama. Wafula aliinama sikioni mwangu. "Hawa wote wamezaliwa na mama mmoja," akaninong'oneza.

Ninyi hamkuiona ndururu. Ilikuwa senti tano, sarafu ya rangi ya shaba yenye tundu katikati. Nilipapasa mfukoni nikatoa yangu, nikaiweka juu ya kovu la yule wa tatu. Ilikaa pale kama kifuniko juu ya chungu chake. Kile kinundu kilichungulia katikati ya tundu.

Mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka, na kicheko kikapita mstarini mpaka mbele.

"Bosibori, umeshikwa!" sauti ikaita.

Alijitokeza mama mfupi, mnene, uso wake umejaa mashimo ya ndui ya utotoni. Hakuonyesha aibu. Alifuta mikono kwenye leso akanitazama toka kofia hadi viatu.

"Ni mimi," akasema. "Naweka kwa makaa, nashika na koleo, nabandika, natoa. Inauma siku hiyo, kesho mtu anachuma. Wewe unachoma watu na sindano, wanalala wiki. Sasa kati yangu na wewe, nani anawahurumia?"

"Mama, ndani ya sindano yangu kuna dawa."

"Na Bwana Mrefu pale langoni anaangalia dawa ama anaangalia kovu?"

Watu wakacheka tena, na sitaficha, hata Wafula alicheka. Diploma yangu ilikuwa begini na haikunipa neno. Nikatafuta swali lingine.

"Huyu mgonjwa ni nani wako?"

"Onchari ni mwanangu. Wa mwisho."

"Na Kemunto, mke wake, aliye naye kule ndani. Kovu lake alilipata wapi?"

Hapo ndipo kicheko kilipokatika. Bosibori aliangalia ng'ambo ya kijito, kwenye kile kibanda.

"Kwangu," akasema. "Alikuja akiwa bibi harusi. Alitaka kazi. Yeye hajui tofauti, Bwana Afya. Anajua amechanjwa."

Nadhani mmeona tulipofika. Msichana yule alikuwa ameingia kwa mgonjwa wa ndui akiamini amekingwa, na alichokuwa nacho mkononi ni alama ya senti tano. Na katika kambi ile yote mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa na kinga isiyo na shaka, kwa sababu ndui humshika mtu mara moja. Mtu huyo alikuwa amesimama mbele yangu.

"Mama, kwa nini hukuingia wewe?" nikamuuliza. "Ndui haikurudii. Ungemwuguza bila hofu."

Alinitazama kana kwamba nimetukana msibani.

"Yule ametahiriwa. Ana mke. Amelala uchi kwa sababu nguo inashika vidonda. Unataka niingie nimwoshe? Mimi mama yake?"

"Ni ugonjwa, mama. Ugonjwa hauna aibu."

"Labda kwenu Kampala."

Nilitaka kumwamuru. Nilikuwa na kofia na nilikuwa na sauti ya kuamuru. Wafula alinivuta shati. "Acha," akasema. "Akiingia kwa amri yako, kijana akipona hawatatazamana tena mpaka kufa. Na wengine angalia, wanafunga mizigo."

Alisema kweli. Nyuma ya mstari watu walikuwa wameanza kuondoka mmoja mmoja kuelekea nyumba zao. Walijua Bwana Mrefu akisikia habari ya ndururu atawafukuza, basi waliona afadhali watoroke kupitia msituni, na ndui wangeipeleka Kisii, Kericho na Nakuru bila mtu wa kuwafuata.

Nilipanda juu ya debe. Hili nalisema kwa kujisifu kwa sababu nilistahili. Nikatangaza kwamba makovu yote ya zamani yamekwisha nguvu, ya Kisii, ya Kericho, ya popote, na kila mtu atachanjwa leo, kuanzia nyapara.

"Mimi? Langu ni la kweli!" nyapara akalalamika.

"La kweli pia huzeeka," nikamwambia, na huo haukuwa uongo. "Kunja shati."

Nyapara alipokunja shati, mizigo ikafunguliwa. Nilimwachia Wafula mstari na nusu ya dawa, nikaenda kwa Bwana Mrefu, ambaye alinipokea nje ya nyumba, mbwa wake wakininusa suruali.

"Wewe nakuja haribu kazi yangu?" akasema kwa kile Kiswahili chao.

Nikamjibu kwa Kiingereza, chenye sarufi yote. Nilimweleza kwamba ana njia mbili: siku chache za kazi ya polepole, au kambi tupu na maua yakioza shambani. Walio na mikono iliyovimba akawaweke kwenye nyumba ya kukaushia, wakae chini, wachambue majani kwenye maua, na siku zao zihesabiwe. Alinung'unika sana. Alikubali. Habari ya ndururu hakuniuliza na sikumwambia.

Kisha nikavuka kijito.

Kemunto alitoka mlangoni aliponisikia. Alikuwa msichana mwembamba, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nilimweleza. Aligusa kovu lake kwa vidole, polepole, kama mtu anayekagua noti aliyoambiwa ni bandia.

"Kwa hiyo sina kitu," akasema.

"Utakuwa nacho sasa. Lete mkono."

Nilidondosha dawa kando ya lile la ndururu nikakwaruza ngozi. Kampala tulifundishwa kwamba chanjo ikiwahi inaweza kuipita ndui njiani, na ikichelewa haifai kitu. Alikuwa amekaa na mgonjwa tangu juzi. Nilihesabu nikahesabu, na hesabu haikunipa jibu.

"Usirudi ndani," nikamwambia. "Kaa kwenye kile kibanda cha walinzi wa mahindi. Usichanganyike na watu."

"Na yeye ataoshwa na nani?"

Nilitazama nyuma yangu. Hakukuwa na mtu. Wafula alikuwa na mstari wa watu. Mimi nilichanjwa Kampala, na tena Nakuru, na Onchari alikuwa rika langu, mwanamume kama mimi. Nikavua kofia.

Mafunzo yangu yalikuwa ya kukagua, kuamuru na kuandika ripoti. Hayakuwa ya kuosha mwanamume mzima. Niliwasha moto, nikapasha maji, nikatia ile dawa ya zambarau ya kusafishia vidonda, nikaingia. Harufu ya ndui sitaieleza. Nilianza kupangusa kwa kitambaa, na Onchari akaguna kwa maumivu.

"Usimsugue!" Kemunto akapaza sauti kutoka mbali. "Mwagie tu! Anza na mgongo!"

Nikamwagia. Onchari alifungua jicho moja, lile lingine lilikuwa limefungwa na uvimbe.

"Nani huyu?" akauliza.

"Bwana Afya."

"Mikono yako ni baridi kuliko ya mke wangu."

"Nyamaza. Unaoshwa na diploma."

Alijaribu kucheka, midomo ikapasuka.

Nilifanya hivyo kila asubuhi na kila jioni. Kila nilipotoka nilimkuta Bosibori amekaa ng'ambo ya kijito, amekipa kibanda mgongo. Alipika uji, akauweka juu ya jiwe katikati ya maji, akarudi akakaa vilevile, ametazama mlima. Hakugeuka hata mara moja. Lakini alisikiliza. Nikichelewa na maji aliita bila kugeuza kichwa: "Bwana Afya, moto umezima!" Nilikuwa sijawahi kusimamiwa kazi na mgongo wa mtu.

Na kila jioni nilikwenda kwa Kemunto kuangalia mkono. Hakukuwa na kitu. Kesho yake vilevile. Ngozi ilikuwa imekaa kimya kana kwamba sikuigusa. Dawa ile ilisafiri juani, barafu iliyeyuka kabla ya kufika Molo, na dawa ikishaonja joto inaweza kufa bila kubadilika rangi. Hilo likumbukeni ninyi mlio na friji. Nilichoogopa ni kwamba nimemchoma mara ya pili bure, mimi na mama mkwe wake tukawa sawa.

Jioni moja aliniita kabla sijafika. "Bwana Afya, inawasha!"

Kulikuwa na wekundu, na ndani ya wekundu kipele kidogo. Siku zilizofuata kilikua kikawa lengelenge zuri, lenye kitovu katikati, na mkono ukavimba mpaka akashindwa kuuinua. Alilia kwa maumivu na mimi nilitamani kucheza ngoma. Lakini sikucheza, kwa sababu chanjo kushika si sawa na chanjo kuwahi. Tulisubiri.

Homa ilimjia. Bosibori aliposikia aliingia kwenye kile kibanda cha walinzi bila kumwuliza mtu. Mke wa mwanawe hakukatazwa kumshika. Alimshikilia kichwa. Asubuhi moja vipele vikatokea kwenye paji la uso. Nilipiga magoti nikasubiri vingine. Vilikuwa vichache, na vilikauka kabla ya kujaa usaha. Vingine havikuja.

Onchari alipona akiwa na jicho moja. Tulichoma kibanda, nguo na mkeka, na alipotoka amejifunga shuka mpya, mama yake ndipo alipogeuka. Walisalimiana kama watu waliotoka safari tofauti. Mimi nilipanda baiskeli. Wiki ile ile tuliitwa shamba lingine, na kule vilevile nyapara alituambia kila mtu ana kovu.

Sifa za kuzuia ndui pale Keringet alipewa Bwana Mrefu kwa usafi wa kambi yake. Nimesema nimechoka; msidhani ni magoti peke yake.

Miaka mingi baadaye, nimeshastaafu, nilikuwa Rhonda, mtaa wa Nakuru, natafuta fundi wa kushona viatu, nikasikia "Bwana Afya!" Ni jina ambalo hakuna aliyeniita tena. Alikuwa Kemunto, mwanamke mzima, anauza mboga mbele ya nyumba, wajukuu wamemzunguka. Onchari alikuwa ameshafariki, kwa uzee, kitandani kwake. Aliwaita majirani wanione.

"Huyu ndiye alimwosha mzee wangu wakati wa ndui," akawaambia. Kisha akakunja mkono wa blauzi, akawaonyesha makovu mawili yaliyokaa pamoja. Aligusa lile kubwa. "Na hii ya mama mkwe ndiyo iliniokoa. Mama yule alikuwa na mkono! Ya Bwana Afya ilinipa homa tu."

Majirani walitikisa vichwa kwa heshima, wakilitazama lile la ndururu.

Masomo yote ya Kampala yalipanda mpaka kwenye ulimi wangu. Nilikuwa na maneno, nilikuwa na diploma ukutani nyumbani, na nilikuwa na haki. Lakini jua lilikuwa kali, viatu vilikuwa kwapani, na yeye alikuwa hai, anacheka.

"Nipe mkono," nikamwambia.

Niliweka kidole gumba juu ya lile la kwanza. Kinundu. Nikakisogeza kidogo tu kando yake, na kidole kikazama.

"Unatafuta nini tena, mzee?" akauliza.

"Hakuna, mama," nikamwambia. "Mazoea tu."

Nikakiacha kidole pale kidogo, kisha nikaenda kwa fundi.